Nukta Mwamba Ni ya Nani?

Hapo zamani zile, wanangu, wanyama walikuwa na simu, na watu bado walikuwa wakiitana kwa kupiga ukelele kutoka kilima hadi kilima. Msicheke. Ndivyo ilivyokuwa.

Kila mnyama mwenye shughuli alikuwa na anwani yake mtandaoni. Mwisho wa anwani kulikuwa na nukta, na baada ya nukta neno moja. Neno hilo waliliita mkia. Wa majini walimalizia nukta mto, wa mbugani walimalizia nukta nyika. Basi siku moja Baraza la Majina likatangaza: mikia mipya imefunguliwa! Mwenye neno lake aje aliombe. Atakayepewa ndiye atakayelishika, na hakuna mwingine atakayelitumia bila ruhusa yake.

Pimbi mmoja aitwaye Mize alilisoma tangazo hilo akiota jua juu ya Mwamba, jabali walipoishi pimbi wote. Akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Bibi! Bibi Somoe! Tuombe nukta mwamba!"

"Ya nini, mjukuu wangu? Itapikika?"

"Ya kumkwepa Tai, Bibi!"

Bibi Somoe akatazama angani. Alijua.

Mize ndiye aliyeshika ukurasa wa pimbi wote. Akimwona Tai angani, alibonyeza simu yake mara moja tu, na kila pimbi, aliye malishoni na aliye pangoni, akasikia mlio: ng'wiii! Hapo ni mbio, kila mtu shimoni! Lakini ukurasa ule ulikaa chini ya nukta nyika, na nyika ilishikwa na Fisi. Fisi akiamka vibaya, anauzima. Akisahau, anauzima. Mara ya mwisho alipouzima, Mize alibonyeza, akabonyeza, akabonyeza, kimya. Tai akashuka, vuuu! Akaondoka na mdogo wake Mize.

Ndiyo maana Mize hakungoja. Akateremka Mwamba, akaenda moja kwa moja hadi ofisi ya Baraza.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Bi Korongo, mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi.

"Nukta mwamba?" akasema. "Mbona leo kila mtu anautaka Mwamba? Geuka nyuma yako, mwanangu."

Mize akageuka. Pu! Pu! Pu! Bwana Tembo huyo anaingia, amejaa mlango mzima. Nyuma yake Bwana Kiboko, anachuruzika maji hadi kwenye zulia. Tembo alilitaka neno kwa ajili ya hoteli zake. Kiboko alilitaka kwa sababu Tembo alilitaka.

"Sheria ni hii," akasema Bi Korongo. "Wakiomba wengi neno moja, hupewa wenyeji. Nani mwenyeji wa Mwamba?"

"Mimi!" akanguruma Tembo. "Tangu enzi za babu yangu!"

"Mimi!" akakoroma Kiboko. "Tangu enzi za babu wa babu yangu!"

"Waongo!" akapiga kelele Mize. "Wote wawili! Sijawahi kuwaona kule hata siku moja!"

Tembo akainama, akamtazama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Ala! Kumbe kuna mtu hapa. Wewe pimbi, hebu geuka. Mkia wako uko wapi? Huna! Asiye na mkia naye kaja kudai mkia!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kwa! Kwa! Kwa! Hata makarani walicheka. Uso wa Mize ukawaka moto, lakini hakuinamisha kichwa. Alisimama vilevile, akawatazama mmoja mmoja mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

"Naona wenyeji wamekuwa watatu," akasema Bi Korongo. "Haya. Keshokutwa njooni mseme mbele ya umma. Wanyama wote watatazama kwenye simu zao."

Nyumbani pimbi walikutana pangoni wakiwa wamenywea.

"Tuache," akasema Bibi Somoe. "Wale ni wakubwa, mjukuu wangu. Tutaenda kumwomba Tembo kwa adabu, huenda akaturuhusu."

"Na siku akinuna?"

"Tutamwomba tena."

"Bibi, Tai hasubiri tumalize kuomba! Mimi siendi kuomba ruhusa ya kupiga kelele nyumbani kwangu. Siendi!"

"Basi utawashindaje?"

"Siwashindi. Nitawapa."

"Utawapa nini?"

"Kila kitu," akasema Mize, akaenda kulala.

Siku ikafika. Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Simu zilinyanyuliwa juu, na kule makwao wanyama walikaa wamezikodolea macho. Wake zake Tembo walikuwa wakitazama. Wakwe zake walikuwa wakitazama. Wageni wa hoteli zake, waliovaa vizuri wakinywa chai, nao walikuwa wakitazama.

Mize akaingia polepole, kichwa chini, mikono nyuma.

"Bi Mwenyekiti, shikamoo. Shikamooni wazee wangu. Mimi sikuja kubishana. Nimekuja kukabidhi."

"Ehee!" Tembo akapiga masikio yake, pa! pa! "Mtoto kapata akili!"

"Sisi pimbi kumbe tulikuwa watunza nyumba tu," akaendelea Mize kwa sauti ya unyonge. "Wenyewe mpo, na hatukujua. Sasa mtunza nyumba akiondoka hukabidhi sehemu moja moja, ili baadaye asiambiwe mwizi. Naomba nikabidhi."

Bi Korongo akafumba jicho moja, akamtazama kwa lile lililobaki. "Kabidhi."

"Kuna pango la juu, Bi Mwenyekiti. Kavu, hata wakati wa masika haliingii tone la mvua. Ni la nani?"

"Langu!" akasema Tembo. "Babu yangu alilichimba kwa pembe zake!"

"Langu!" akasema Kiboko. "Babu yake alikuwa kibarua wa babu yangu!"

"Unasemaje wewe?"

"Umesikia!"

"Taratibu wazee wangu, vitu viko vingi," akasema Mize. "Kuna kibaraza cha kuotea jua asubuhi. Je, hicho?"

"Changu!" Kiboko akawahi. "Mimi huota jua pale kila siku, mpaka saa sita!"

Wanyama wakatazamana. Kiboko, ambaye jua la saa tatu tu humpasua ngozi!

"Changu mimi!" akafoka Tembo. "Na njia ya kupandia ni yangu! Na mapango yote ni yangu! Na kila kilichoko juu ya Mwamba, kutoka chini hadi kileleni, ni changu!"

"Na changu!" akasema Kiboko.

"Vizuri kabisa," akasema Mize. "Basi imebaki sehemu moja tu. Choo."

Masikio yakasimama ukumbi mzima.

Sasa wanangu, lazima niwaambie. Pimbi wana desturi yao. Wote huenda haja ndogo mahali pamoja, mama alipokwenda ndipo mtoto huenda, vizazi na vizazi, mpaka jiwe linapigwa michirizi myeupe kutoka juu hadi chini. Michirizi ya Mwamba ilionekana kutoka mbali. Na harufu! Aliyepita barabara ya chini alipita mbio, amebana pua.

"Mnaijua ile michirizi," akasema Mize. "Nani asiyeijua? Mwenye nyumba ndiye mwenye choo. Bwana Tembo, ni yako?"

Tembo akazitazama simu zilizonyanyuliwa. Akawafikiria wakwe zake. Akawafikiria wageni wa hoteli na vikombe vyao vya chai.

"Mimi?" akasema. "Mimi Tembo, nikojoe ukutani? Ptuu!"

"Samahani, mzee wangu. Basi ni ya marehemu babu yako."

"Koma! Usimtukane babu yangu! Babu yangu hakuwahi kukanyaga kule!"

"Haaa!" ukumbi wote ukavuta pumzi.

"Yaani... ni ya Kiboko!" akasema Tembo haraka. "Muulizeni huyo! Anavyonuka mwenyewe!"

"Mimi?" Kiboko akaruka, sakafu ikatikisika. "Mimi nakaa majini! Kwetu ni mtoni, muulizeni yeyote! Sijawahi kupanda hata kichuguu, nitapandaje Mwamba?"

Kwanza ilisikika sauti moja ndogo nyuma kabisa: kwi. Kisha kwi kwi. Kisha ukumbi mzima ukapasuka, na vicheko vikatoka hata ndani ya simu.

Mize akaruka juu ya meza ya Baraza. Unyonge wote ulikuwa umemtoka.

"Ni yetu!" akapaza sauti. "Mmesikia? Ile michirizi ni yetu! Bibi wa bibi yangu yumo, mama yangu yumo, na mimi nimo! Mnapita chini mnabana pua, mnasema pimbi wachafu. Semeni! Sisi hatutafuti mtu wa kumsukumia. Tumekaa pale mpaka jiwe lenyewe limetujua, na hatuondoki, wala hatumwombi mtu ruhusa ya kuitwa watu wa Mwamba!"

Bibi Somoe, aliyekuwa amejificha nyuma ya nguzo, akapiga kigelegele kirefu mpaka akaishiwa pumzi.

Bi Korongo akasimama.

"Mmoja, babu yake hakuwahi kukanyaga kule. Mwingine hajapanda hata kichuguu. Hayo wamesema kwa vinywa vyao, na nchi nzima imesikia. Nukta mwamba ni ya pimbi."

"Nakata rufaa!" akanguruma Tembo.

"Kata, Bwana Tembo. Lakini rufaa yako itaanza kusikilizwa palepale ulipoishia," akasema Bi Korongo. "Chooni."

Tembo akageuka, pu! pu! pu!, akatoka bila kuaga. Kiboko alikuwa keshafika mtoni zamani: chubwi! Hakuonekana mpaka jua lilipozama.

Mimi nakomea hapo, wanangu, zibueni pua zenu mnisikie: anayetaka kuchukua jina la kwenu, mkabidhini na aibu ya kwenu, mtajua papo hapo kama ni wa kwenu.