Ugali wa Ngumi Moja

Paukwa!
Pakawa!
Chungu ki wapi?
Ki motoni!
Aliyealikwa nani?
Mwenye pua!

Basi mwenye pua katika nchi hiyo alikuwa Ngiri. Pua ndefu, meno yamepinda nje kama mundu, na tumbo lisilojua neno "imetosha". Nyumbani kwake hapakuwa na jiko wala mwiko. Akinusa moshi tu, kwatu, kwatu, kwatu, huyo mlangoni kwa watu anabisha hodi. Nawe ukibishiwa hodi sahani iko mbele yako, utafanyaje? Utasema karibu, hata kama moyo unakataa.

Aliyeteseka kuliko wote ni Bi Pimbi, mjane mdogo aliyekaa juu ya jabali. Bi Pimbi alikuwa na kisukari. Korongo, muuguzi wa zahanati, alimdonoa kidole kwa mdomo wake mrefu, ti, akatazama tone la damu, akatikisa kichwa. Akamwambia ugali ale, ila usizidi ngumi yake. Lakini mchicha, bamia, kabichi, biringanya na matango ale mpaka ashibe, hakuna atakayemuuliza. Bi Pimbi akalima bustani chini ya jabali, na ikastawi vizuri.

Sasa akiepua tu, kwatu, kwatu, kwatu. Hodi. Karibu. Ngiri anavuta sinia, anafagia mboga yote, fyuu, anaacha ugali. Kesho yake tena, kwatu, kwatu, kwatu. Hodi. Karibu. Fyuu. Bi Pimbi anabaki na ugali mtupu, na njaa ikimuuma anaula wote. Kiu ikamshika, macho yakaingia ukungu, nyayo zikawaka moto. Korongo akamdonoa tena, ti, akamwambia wazi kwamba akiendelea hivyo ataacha kuiona hata hiyo bustani yake. Bi Pimbi alilia njia nzima. Kumfukuza Ngiri hakuweza, yale meno mmeyasikia wenyewe.

Siku iliyofuata alipika bamia, akapika biringanya kwa nyanya, akasonga ugali. Ngumi yake moja aliila hukohuko jikoni. Ugali uliobaki akaufunika kwa kawa safi na kuusogeza nyuma yake, mboga akaiacha wazi mkekani. Kwatu, kwatu, kwatu. Hodi. Karibu.

Ngiri akauliza mbona leo ugali umefunikwa.

"Huo uache, kaka," akasema Bi Pimbi. "Mboga kula upendavyo. Muuguzi amesema hizo hata mimi mgonjwa nile bila kipimo. Ugali ndio unaopimwa. Nimeruhusiwa wa ngumi moja tu."

Ngiri akaacha kutafuna. Akawaza. Majani hayapimwi, maji ya mto hayapimwi. Asali hupimwa, samli hupimwa. Kumbe siku zote huyu mwanamke alikuwa akimlisha vya bure na kujibakizia chakula cha maana.

"Nipe huo ugali."

"Wote, kaka?"

"Wote. Na kuanzia leo usiuguse."

Bi Pimbi akafuta chozi kwa ncha ya kanga. Chozi lenyewe halikuwapo, lakini alilifuta vizuri sana.

Ikawa hivyo. Kwatu, kwatu, kwatu. Hodi. Karibu. Ngiri ugali, Bi Pimbi mboga. Halafu Ngiri akaona ugali hautoshi, akaanza kuja na unga wake. Akaona moto ni mdogo, akaja na kuni. Mdowezi anayekuja na unga na kuni, mmewahi kumwona? Mimi nimetembea sana na sijamwona. Bi Pimbi akasonga ugali kama kichuguu, Ngiri akaumaliza, gubu, gubu, gubu, akalala palepale.

Korongo akamdonoa Bi Pimbi, ti, akatabasamu. Sukari imetulia. Bi Pimbi akapanda jabali lake akicheza. Ngiri akataka kumfuata, akaishia katikati, fuu, fuu, pumzi hana. Akajikokota mpaka zahanati. Ti. Korongo akamwambia sukari imeanza kubisha hodi kwake pia, hivyo ale mboga mpaka ashibe, na ugali wa ngumi moja.

Ngiri akautazama ukwato wake, akauona mdogo mno.

Akarudi kwa Bi Pimbi, akabisha hodi ya chinichini.

"Dada, zile mboga za bure bado zipo?"

"Zipo, kaka. Ila siku hizi nazo zinapimwa."

"Kwa ngumi?"

"Kwa tuta. Palilia tuta moja, ule mpaka ushibe. Jembe hilo hapo."

Jembe lilikuwa la kimo cha Bi Pimbi, fupi, kwa hiyo Ngiri ilimbidi apige magoti. Mpaka leo ukimkuta porini amepiga magoti mbele ya majani, usimsumbue, bado anapalilia.

Chungu ki wapi?
Kimeoshwa!

Na funzo lake ni kwamba kudowea ni aibu, na mtu mzima mwenye heshima zake hapiti kwa watu saa ya chakula. Mama Tunu, harufu hiyo ninayoisikia kwako ni ya bamia? Basi nitapita mara moja, kusalimia tu.