Alasiri ya Gwakisa

Mchezo wa haraka hauna fundi. Ndivyo alivyowaambia bibi yenu leo, mlipotaka mechi za bonanza la mtaa zifupishwe ili kombe lipatikane kabla ya jua kuzama. Mlicheka, kisha mkaja kwangu kuuliza kama ni methali ya mababu. Si ya zamani hivyo, wajukuu zangu. Niliisikia ikizaliwa, nimekaa kwenye kochi hili hili, na aliyeitamka hakujua kwamba anatunga methali. Asili yake ni hii.

Mimi na bibi yenu Siwema tulifanya kazi katika kiwanda cha uchapaji hapa Morogoro. Mimi nilikuwa fundi umeme, yeye alisimamia chumba cha kujalidi vitabu. Wakati wa mapumziko ya mchana, yeye na wenzake walikuwa wakicheza poka, mchezo wa karata za dau, juu ya marobota ya karatasi. Kiwanda kilipofungwa kila mmoja akarudi kwao au akaenda kutafuta riziki pengine. Kapinga akafungua duka la vifaa vya ujenzi Songea, Tunu akaolewa Kahama, Gwakisa akarudi Tukuyu. Ikawa salamu za sikukuu tu.

Ni Siwema aliyewakusanya tena. Alipata mchezo wa poka wa kwenye simu, akawaita wale wenzake na watu wengine wachache waliowahi kukaa kwenye marobota yale, wakakubaliana kukutana kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Kiingilio kilikuwa bei ya soda. Mimi karata sizijui, lakini Siwema aliweka simu kwa sauti ya juu nami nilikuwa nasikiliza, maana mle ndani walicheza huku wakiongea kama wako chumba kimoja.

Niwaeleze kidogo mchezo wenyewe, bila hivyo hamtaelewa. Kila mtu huanza na kete za kuwekea dau, sawa na za mwenzake. Kila karata zinapogawiwa, watu wawili kwa zamu hulazimika kuweka dau hata kabla ya kuona walichopata, na dau hilo la lazima hupanda kadiri muda unavyokwenda. Likipanda taratibu, unaweza kutupa karata mbaya, ukasubiri nzuri, ukawasoma wenzako. Likipanda upesi, kete zako zinaliwa na dau lenyewe. Unajikuta huna budi kuzisukuma zote katikati kwa karata yoyote uliyoshika, kisha unamwachia Mungu.

Mwanzoni dau lilipanda taratibu. Kisha Kapinga akalalamika kwamba wateja wanamsubiri dukani, mwingine ana shamba, mwingine ana kikao cha harusi. Siwema akaharakisha mchezo. Watu wakafurahi, kwa kuwa mshindi alipatikana hata chai haijapoa. Mara nyingi mshindi huyo alikuwa Kapinga, ambaye alikuwa akisukuma kete zake bila woga. Akaanza kujiita fundi, na wengine nao wakamwita hivyo.

Baada ya muda Gwakisa akawa haonekani. Jumamosi ya kwanza alisema mtandao ulikuwa mbaya. Ya pili akasema alipitiwa na usingizi. Ya tatu hakusema kitu. Siwema hakuridhika. Gwakisa alikuwa fundi wa mashine ya kukata karatasi, mtu mtaratibu, asiyechelewa kazini wala kusema uongo. Akampigia.

Mazungumzo yalianza na habari za mvua na bei ya viazi. Siwema akamwacha aseme, mwisho akamuuliza moja kwa moja kama kuna aliyemkosea. Gwakisa akaeleza. Tulijua kwamba bodaboda ilimwangusha na akavunjika nyonga. Hatukujua kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kuvuka kizingiti bila kushikwa. Mkewe alikuwa amefariki, binti yake anafanya kazi Mbeya na huja mwisho wa mwezi. Jirani humletea chakula asubuhi na jioni, na katikati ya hapo ni yeye na mvua juu ya bati.

"Dada Siwema, sikuacha kwa sababu nashindwa," akasema. "Kushindwa nimezoea. Lakini mchezo wenu siku hizi, naweka kiingilio, nagawiwa karata mara chache, nimeshatolewa. Na ukitolewa chumba kinafungwa, husikii mtu tena. Wenzangu wanalipa wapate ushindi. Mimi nilikuwa nalipa nipate alasiri."

Siwema akamwambia kwamba angewaomba wenzake wawe wanampigia simu. Gwakisa akakataa. Alisema akipigiwa kwa kuhurumiwa atajua tu kwenye sauti. "Mezani mimi si mgonjwa," akasema. "Naomba usiwaambie."

Alipokata simu, bibi yenu akaniambia kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeugeuza mchezo, na ni juu yake kuurudisha.

Jumamosi iliyofuata, kabla karata hazijagawiwa, akawaambia kwamba anataka kila mtu aanze na kete nyingi zaidi na dau lipande polepole. Jina la Gwakisa hakulitaja. Kapinga akapinga, na hoja yake haikuwa mbaya: duka lina wateja, na mtu mzima hawezi kushinda na simu mkononi. Siwema akamjibu kwamba kiingilio ni kile kile, na wao wanapunjwa huku wakishangilia. "Ukinunua doti ya kanga," akasema, "utakubali ukatiwe nusu kwa sababu muuzaji ana haraka?" Tunu akacheka, akasema yeye anataka doti nzima. Wakakubaliana kujaribu wiki ijayo, na katikati kuwe na mapumziko ya chai ili mwenye duka aangalie duka lake.

Siwema akampa Gwakisa habari za mpangilio mpya, naye akarudi. Salamu zake zilikuwa fupi, nikasikia kiti chake kikilia alipokaa vizuri. Mapema tu Kapinga akamkomba karibu kete zote. Kwa mchezo wa zamani angekuwa ametoka. Safari hii akabaki na kirundo kidogo, akatulia. Akawa anatupa karata, anatupa tena, huku akipiga soga. Tunu akamuuliza juu ya ile mashine iliyokuwa ikigoma kila Jumatatu, naye akasimulia namna alivyokuwa akiibembeleza, watu wakacheka hadi wengine wakasahau zamu zao. Baada ya chai kirundo kikaanza kukua, kidogo hapa, kidogo pale, hadi kikakipita cha Kapinga. Mezani wakabaki watatu: Tunu, Kapinga na Gwakisa. Siwema naye alishatolewa, ila kwa kuwa ndiye mwenye chumba, kwake hakikufungwa.

Karata zikagawiwa. Gwakisa akapita tu, hakuongeza dau, kana kwamba hana kitu. Kapinga, kama kawaida yake anapoona mwenzake amenyamaza, akasukuma kete zote. Gwakisa akamfuata hapo hapo. Karata zikafunuliwa: Kapinga alikuwa hana la maana, Gwakisa alikuwa na malkia wawili toka mwanzo.

"Kaka," Kapinga akasema, "umeanza lini kunisoma?"

"Tangu enzi za marobota," Gwakisa akajibu. "Ukiona mtu kimya unadhani amelala. Nilikosa tu muda wa kukuonyesha."

Nilidhani Kapinga angekasirika. "Basi miezi yote hii nimejiita fundi bure," akasema. "Mchezo wa haraka hauna fundi." Chumba kikamfungia nje. Punde simu ya Siwema ikaita, ni Kapinga, anaomba mpangilio ubaki vile vile. Duka, alisema, atalitafutia mtu wa kulikalia siku za Jumamosi.

Mwisho Tunu ndiye aliyeshinda. Siwema akampigia Gwakisa kumpa pole, maana alikuwa amebakiza kidogo sana. Gwakisa akamwambia pole hiyo haimhusu, ampe Kapinga. Kisha akaomba radhi kwamba hawezi kuongea sana, kwa sababu chakula alicholetewa asubuhi kilikuwa bado kimefunikwa mezani. Alasiri ilikuwa imepita akasahau kula.

Bibi yenu akaweka simu chini, akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu bila kupika kitu. Tangu siku hiyo akiona watu wanafupisha jambo ili wamjue upesi aliye bora, huwaambia maneno ya Kapinga. Mkiharakisha mtapata mshindi, na kombe atalibeba. Lakini fundi wenu anaweza kuwa yule mliyemtoa kabla hajakaa vizuri, na hamtamjua. Mchezo wa haraka hauna fundi.