Zamu ya Fisi Kulinda Mayai

Mwaka ule mvua iligoma kabisa. Mto ukakauka hadi Kiboko akawa anaoga vumbi kama kuku. Simba, mfalme wao, akaamuru kila mnyama ashiriki kuchimba kisima, kwa zamu. Yeye mwenyewe hakushika jembe. Alisema ufalme na udongo haviendi pamoja.

Kanga, yule ndege wa madoadoa, alikuwa na mayai kumi na mawili kichakani. Ilipofika zamu yake ya kuchakura udongo shimoni, Fisi alijitolea kumlindia kiota, tena haraka kuliko wote. Hapo tu mwenye akili angeshtuka. Kanga alikuwa na kiu, hakushtuka.

Aliporudi alikuta mayai manne, na Fisi anajilamba kiini sharubuni. Kanga akalia, kisha akamshtaki kwa Simba, hapohapo kisimani.

"Sikatai, nimekula manane," alisema Fisi. "Ila naomba kuuliza. Mungu ni mwema?"

"Ni mwema," wakajibu wanyama.

"Anaweza yote?"

"Yote."

"Basi alikuwa ananiona tangu yai la kwanza. Angetaka, angeniziba mdomo. Hakuniziba. Mwema mwenye uwezo akinyamaza, karidhia. Sasa kesi yenu ni na mimi, au na yeye?"

Ngiri, mchimbaji mkuu na binamu wa nguruwe, akabaki anakuna pua. Simba hakuelewa kitu, lakini mfalme hakiri hayo hadharani.

"Hoja ina uzito," akanguruma. "Fisi hana hatia. Na alasiri hii atalinda tena."

Kumbe swali la Fisi lilikuwa la Kanga pia. Alikuwa amemuuliza Mungu hilohilo mbele ya maganda matupu, asipate jibu. Kulisikia kwenye mdomo unaonuka mayai yake kulimuuma zaidi. Na manne yaliyobaki je?

Sungura, msimamizi wa kamba ya kisima, akamsogelea. "Dada, futa machozi. Njoo tushike kamba." Kisha akapaza sauti, kama anayejisemea: "Sijui mfupa huu wa nyati ulioko kisimani tumpe nani."

Fisi hakungoja jina litajwe. Alijitosa, akatua kwa matako. Chini hapakuwa na kitu ila udongo.

"Sungura, teremsha kamba."

"Tunatafakari, Bwana Fisi. Mungu ni mwema?"

"Mwema, mwema."

"Anaweza yote?"

"Yote! Kamba!"

"Basi angetaka utoke, ungekuwa umeshatoka. Sisi ni nani hata tuingilie?"

Wanyama wakaangua kicheko. Simba naye akacheka, akichelewa kidogo.

Fisi akapandwa na hasira. "Acheni upuuzi. Mnamngoja Mungu na kamba mmeishika ninyi? Nguvu za kuvuta kawapa za nini?"

Kanga akainama ukingoni. "Na wewe alikupa mdomo wa kufumbua. Wa kufumba hakukupa?"



"Alinipa," alisema Fisi, kwa sauti ndogo.

Simba akafuta hukumu yake, akidai tangu mwanzo alikuwa anawajaribu tu. Akasema aamue Kanga. Kanga akateremsha kamba, mwishoni imefungwa jembe: Fisi atatolewa maji yakipatikana. Fisi akachimba siku tatu bila kupokewa zamu, na walipomtoa alikuwa amelowa hadi shingoni.

Kanga akanywa, akarudi kuatamia mayai yake manne. Kwa nini yale manane hayakunusurika, hakujua, na moyo uliendelea kumuuma. Ila tangu siku ile, aliyejitolea haraka hakupewa ulinzi.

Usemi ulioachwa pale kisimani Ngiri hakuupenda hata kidogo, lakini naye, akiwa na maji mdomoni, alitikisa kichwa kuukubali: mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.