Fimbo ya Mzee Ndekirwa

Apeni kwanza: haya hayatoki hapa. Mmeapa? Haya. Hata Aikande aliapishwa hivyohivyo, na sasa habari imefika sokoni na kanisani.

Aikande, mpishi wa wapagazi wa Kibo, kilele cha Kilimanjaro, alikuwa na masikio. Maji yakianza kuchemka hema la tatu, yeye keshasikia. Ndesanjo, mmoja wa wapagazi, alikuwa na macho. Akitazama wingu anakutajia saa ya theluji. Mamuya, shemeji yake Aikande, alikuwa na mikono. Mizigo ya watu wawili aliibeba kama mkungu wa ndizi.

Theluji ilianguka siku tatu, upepo ukairundika ukingoni mwa mteremko, kisha jua likatoka. Kiongozi wao, Mzee Ndekirwa, akaonya: "Theluji mbichi ikipigwa jua haishiki. Asipite mtu huko juu!"

Saa sita mchana ikapasuka, pa! Mteremko mzima ukashuka, ukamfukia Mzee mwenyewe kule chini.

Ndesanjo alikuwa amemkazia macho mpaka alipozama. "Chini ya lile jiwe jeusi!"

Aikande akalala kifudifudi, sikio kwenye theluji. "Nyamazeni! Anakohoa. Hapa!"

Mamuya akanyakua mfuniko wa sufuria, akachimba mpaka kucha zikavuja damu. Mzee akatolewa, hoi, lakini anapumua.

Nyumbani mbuzi akachinjwa. Mzee akasimama. "Magoti yangu yamechoka. Fimbo hii ya kuongoza msafara naiacha kwa aliyeniokoa."

Aikande akaikazia macho fimbo ile. Hakuna mwanamke aliyewahi kuishika.

"Mpe Mamuya! Si ndiye aliyechimba?" watu wakapaza sauti.

Mamuya akainama kuipokea. Kitu cha kijani kikachungulia kifuani mwake. Aikande akakichomoa. Mama wee, isale! Lile jani ambalo Mchaga hulifunga fundo akienda kuomba msamaha, na anayepelekewa hakatai.

"Shemeji, isale kwenye sherehe? Umemkosea nani?"

Uso wa Mamuya ukawa majivu. "Nilikatiza kule juu, Mzee alikokataza. Theluji ikapasuka chini ya mguu wangu. Nilikuja na jani nimpe Mzee, nikakuta mnanishangilia…"

Fimbo ikabaki hewani, Mzee ameshika huku, Mamuya kule, wala hakuna anayeachia. Na Aikande amesimama katikati yao na jani mkononi.

Haya, mlioapa: macho, masikio, mikono, ukiondoa kimoja Mzee tungemzika. Na jani lilikuja, ila halikutolewa. Fimbo ingekuwa mkononi mwako, ungempa nani?