Kabari ya Mti Mbichi

Hapo zamani, kabla injini hazijaanza kunguruma ziwani, mama mmoja aliugua, na mdogo wake alikuwa anaishi kisiwa cha ng'ambo. Ndugu hao walikuwa hawajasemezana miaka kumi na mmoja. Mama akawaita wanawe, Lukaza na Nyanzala, pamoja na Magafu, mume wa Nyanzala.

"Nileteeni mdogo wangu," akasema. "Nina neno moja la kumwambia, na silitumi kwa mtu."

Mashua ilikuwapo, ya marehemu baba yao, imelala ufukweni misimu mitatu. Mbao zake zilikuwa nzima, ila tundu la mlingoti lilikuwa limelika likapanuka. Wakausimamisha mlingoti, ukacheza kama jino bovu.

Dawa yake ni kabari, vipande vya mti vinavyogongwa kuuzunguka mlingoti mpaka ukaze. Na kabari hukatwa kwenye mti mkavu, maana mti mbichi hunywea juani. Pale nyumbani mti mkavu mgumu ulikuwa mmoja tu: mchi wa mama. Na ukikata mchi wa mwanamke aliye hai, umemwambia kwamba hatatwanga tena.

Lukaza aliushika ule mchi, akaurudisha ukutani. Akaenda kukata tawi bichi la mkuyu, akachonga kabari, akazigonga.

Nyanzala akafunga jiwe kwenye uzi, akaupima mlingoti kwa mbele, akaupima kwa ubavuni, aone kama umesimama wima.

"Dada, wewe hata ugali unaupimia uzi!" Lukaza akamtania.

"Na mimi ndiye ninayeula huo ugali," akadakia Magafu. Wakacheka. Nyanzala naye akacheka, lakini neno hilo lilimchoma.

Wakavuka salama, jua likiwaka kutwa nzima. Mama mdogo akakubali kuja. Asubuhi ya pili, wakijiandaa kurudi, Nyanzala akapima tena kwa kificho. Mlingoti ulikuwa umehama upana wa kidole. Akafungua mdomo. Akaukumbuka ule ugali. Akaufunga mdomo, na uzi akautia kibindoni pamoja na jiwe lake.

Walikuwa wameagana kwamba mashua ile kuukuu itabeba nusu tanga tu. Lakini katikati ya maji mama mdogo akawa hatulii.

"Ongeza, mwanangu! Tunakwenda kama kobe, na dada yangu anasubiri!"

Magafu akamtazama, akamwonea huruma, akalifungua tanga lote. Upepo ukalijaza. Kabari ikachomoka, mlingoti ukalala majini pamoja na tanga lake. Hakuna aliyeumia. Ila makasia yalikuwa mawili, na ziwa lilikuwa pana.

Walifika kesho yake alasiri, wakakutana na watu wanatoka makaburini.

"Aliuliza mpaka mwisho," jirani akawaambia. "Kila mlango ukilia, 'Wamefika?' Kila mlango ukilia, 'Wamefika?'"

Mama mdogo akaketi mchangani, akakataa kuingia msibani.

"Mmoja wenu apige magoti hapa aniombe radhi. Mmoja tu, radhi haigawanywi kama samaki. Nitakwenda naye kaburini, nimwambie dada yangu: aliyenichelewesha ni huyu."

Lukaza akasema, "Ni mimi. Fundi nilikuwa mimi, na nilijua mti mbichi hunywea. Lakini ningekata mchi wa mama akisikia shoka? Ningekuwa nimemzika kabla hajafa."

Magafu akasema, "Kaa, shemeji. Kwa nusu tanga kabari ile ingetufikisha. Mimi ndiye niliyevunja tulichoagana. Na wewe, mama mdogo, ulisema ongeza."

"Nilisema. Mkono uliovuta kamba ulikuwa wa nani?"

"Wangu," akasema Magafu.

Nyanzala alihisi jiwe la ule uzi limemganda kiunoni. Mwenzake alikosea kwa kumpenda mama, na mwenzake mwingine kwa kumhurumia mama mdogo. Na yeye je? Kwa kuogopa kuchekwa.

"Mlingoti ulikuwa umehama kidole kizima," akasema. "Tungali ufukweni kule kisiwani, na miti mikavu tele. Niliona, nikanyamaza."

Lukaza akageuka. "Uliona, dada?"

"Niliona, kaka."

"Kwa nini hukuniambia?"

Nyanzala akautoa ule uzi kibindoni. Lukaza akamtazama, kisha utani wake mwenyewe wa ugali ukamrudia, akaangalia chini.

Mama mdogo akawatazama wote watatu. Labda alikuwa anahesabu ile miaka kumi na mmoja, ambayo hakuna mlingoti uliomzuia kuvuka. Lakini hilo hakulisema, nao hawakuthubutu kumwambia.

"Jua linazama," akasema. "Mmoja."

Wote watatu wakapiga hatua mbele.

Haya, nyinyi mliosikia. Aliyekata mti mbichi, aliyeona akanyamaza, aliyefungua tanga, na huyo aliyeketi mchangani akidai radhi: je, nani alistahili kupiga magoti?