Kiapo cha Mwenyekiti Tackett

Gari la Odessa Pruitt lilikuwa limekwisha kuvuka daraja kuelekea hospitali ya Memphis. Kwenye kiti cha nyuma, binti yake Verlene alikuwa ameukumbatia mkono wake uliofungwa bandeji kama anayembembeleza mtoto mchanga. Verlene alipiga klarineti katika bendi ya shule. Asubuhi ile mlango wa chuma wa ukumbi wa mazoezi, uliong'oka bawaba tangu majira ya baridi, ulimwangukia mkononi.

"Vidole vitaokolewa," daktari alisema, "lakini kwa upasuaji zaidi ya mmoja, tena usicheleweshwe."

Odessa alikuwa mpishi wa mkahawa wa kambare; gharama hizo hakuziweza. Ikabidi aishtaki shule.

Shule yenyewe ilikuwa ya mkataba: fedha ni za kodi ya wananchi, uongozi ni wa kampuni. Mwenyekiti wake, Bwana Tackett, alikuwa na ulimi mtamu kama asali. Mahakamani wakili wake hakuukana mlango. Alisema tu, "Mheshimiwa Jaji, sisi ni shule ya umma. Shule ya umma ni mkono wa serikali, na serikali ina kinga. Haishtakiwi kwa ajali kama hii."

Odessa aliinamisha kichwa. Kaka yake Rufus, kinyozi na shemasi wa kanisa, akamnong'oneza, "Dada, huyu ana ndimi mbili. Umesahau nilivyolala ndani?"

"Nisahau vipi? Mji mzima ulikucheka. Shemasi mzima, kulazwa jela kwa ajili ya bawaba."

"Ngoja uone leo wanamcheka nani."

Miezi michache kabla ya ajali, Rufus aliingia katika mkutano wa bodi kuulizia mlango uleule. Tackett akaamuru atolewe, kisha akamshtaki kwa kuingia pasipo ruhusa. Wakili wa Odessa, Bi Ransom, alisimama sasa.

"Bwana Tackett, siku ile ya kesi ya shemasi, uliapa nini mbele ya jaji huyuhuyu?"

Tackett alijibu, "Sikumbuki vizuri, mama."

"Mimi nakumbuka," jaji alisema. Alikuwa mwanamke mzee, na sauti yake haikupanda. "Uliapa kwamba ninyi ni kampuni ya watu binafsi, na raia hana haki ya kukanyaga mkutano wenu. Nikakuamini, nikamfunga shemasi. Haya, chagua. Kama ninyi ni serikali, ulinidanganya chini ya kiapo, na hilo lina jela yake. Kama ni kampuni, kinga hamna."

Tackett alimtazama wakili wake. Wakili alitazama viatu vyake.

"Ni kampuni," Tackett alisema, kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Shule ililipa. Verlene alipasuliwa tena na tena. Vidole vilinyooka vyote isipokuwa cha mwisho, na klarineti haikumkubali tena. Siku hizi anapiga ngoma. Rufus bado ananyoa. Bi Ransom alihamia mji wa Jackson. Tackett alijiuzulu, anauza magari yaliyotumika. Mlango uliwekwa bawaba mpya, kazi ya alasiri moja, na Odessa hapiti karibu nao. Tackett alitaka kuwa serikali na kampuni kwa wakati mmoja. Na mshika mbili, moja humponyoka.