Kishona Nguo Katika Matuta ya Vitunguu

Kitunguu hakipendi mwenzi. Majani yake ni membamba kama sindano, wala hayana kivuli cha kulinyima gugu jua. Kikisongwa hunyong'onyea, na siku ya mavuno mkulima hung'oa kitu kidogo kama gololi. Ndiyo maana anayekipanda hulazimika kuwa macho tangu kuatika hadi kuvuna. Mkulima mmoja alikuwa macho kupita wenzake wote, ila macho hayo aliyaelekeza pasipostahili.

Watu walimbandika jina la Jicho, naye akalivaa kama nishani. Akisalimiwa, alijiuliza ataombwa nini. Akisifiwa, alishika mfuko. Shamba lake la mboga lilipakana na la shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi baiskeli aliyestaafu ufundi lakini ulimi wake haukujua kustaafu. Baina yao palikuwa na ukanda wa kichaka ambao kila mmoja aliapa kwamba si wajibu wake kuufyeka, na kisima kimoja walichokichimba pamoja.

Masika yale, matuta ya Jicho, aliyezoea kukatiza kichakani kila asubuhi, yalivamiwa na kishona nguo, gugu ambalo mbegu zake nyeusi, zenye vimeno, humganda mpita njia kwenye vazi kana kwamba zimetiwa uzi. Aliyang'oa magugu yale, yakachipua mengine. Alipochungulia ng'ambo, matuta ya shemeji yake yalikuwa safi kama sahani iliyorambwa.

"Mbona kwake hayaoti?" moyo ulimnong'oneza.

Shaka ukiikaribisha sebuleni, huhamia chumbani. Tangu siku hiyo Jicho alianza doria. Kila alfajiri alijipenyeza kichakani, akachutama hadi magoti yakalalamika, akimvizia shemeji yake. Alichokiona ni mtu anayepalilia huku akipiga mluzi. "Anapiga mluzi ili nisimshuku," alijiambia. Jua likikolea, alirudi kuketi juu ya ndoo aliyoifudikiza katikati ya vitunguu, shingo imeelekea mpakani, vidole vikinyofoa chochote kilichomwasha mapajani na kukitupa bila kukitazama.

Mavuno yalikuwa ya aibu. Kiangazi kilipoingia, na uhai wa kila mche ukategemea kisima, Jicho alikitia kifuniko cha mbao na kufuli.

Shemeji yake alifika na ndoo zake mbili, akasimama.

"Shemeji, kisima kimechumbiwa? Naona kimevishwa pete!"

"Kiri kwanza," Jicho alisema. "Wewe ndiye unayenimwagia mbegu za magugu."

Fundi alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki. "Shemeji, kupanda vyangu tu mgongo unalia. Nitapata wapi mgongo wa kupandia magugu ya watu?"

"Kicheko si jibu."

Mke wa Jicho alitoka jikoni, mikono ingali na unga. "Mume wangu, kisima hiki kaka yangu ndiye aliyeshuka chini. Wewe ulikuwa juu, unavuta kamba. Leo unamfungia maji?"

"Najua, damu nzito kuliko maji. Lakini wewe nawe usinifanye nikushuku."

Mwanamke yule alifunga kinywa chake kama mumewe alivyofunga kisima. Kabichi za kaka yake zililegea, zikawa manjano, zikakauka zingali na mizizi ardhini. Kabla mvua hazijarudi, fundi alifunga jembe nyuma ya baiskeli, akaenda kukodi kipande cha ardhi bondeni, kando ya mto. Hakuaga.

Vuli ilipoanza, Jicho alipanda vitunguu kwa moyo mkunjufu, maana adui ameondoka. Hata hivyo doria hakuiacha. Alisema msaliti hurudi kwa siri. Magugu yaliota kuliko msimu wowote.

"Kamtuma mtu!" alifoka. "Mama watoto, njoo uone kazi ya kaka yako!"

Mkewe aliweka beseni la nguo chini, akamshika mkono, akamsimamisha kwenye ukingo wa shamba.

"Si unaitwa Jicho? Tazama basi."

Magugu hayakuota kila mahali. Yalianzia kichakani, yakafuata njia aliyozoea kupita, mstari mmoja mnyoofu kama mshono, hadi kwenye ile ndoo. Hapo yakaizunguka kama vifaranga waliomzunguka mama yao. Matuta ambayo hakuyakaribia yalikuwa safi.

Mkewe aliinama, akakunjua upindo wa suruali aliyoivaa mumewe. Mbegu nyeusi zilikuwa zimejipanga humo kwa utulivu wa wapangaji wa siku nyingi.

"Kila nikifua nazichomoa mpaka kucha zinauma," alisema. "Ningekwambia, lakini ulinikataza nisikufanye unishuku."

Jicho alifungua kufuli, akashika njia ya bondeni kwa miguu, na suruali ile ile.

"Kisima kiko wazi," alimwambia shemeji yake kutoka ukingoni mwa shamba. "Nimekukosea. Rudi nyumbani."

Fundi aliegemea jembe. Kwa mara ya kwanza ulimi wake haukuharakisha. "Chai utakunywa, maana u mume wa dada yangu. Lakini kurudi, sirudi. Kabichi zangu zilikufa huku nikisikia ndoo yako ikizama kisimani."

Jicho aliinua mguu ili amkaribie. Fundi aliinua mkono.

"Hapo hapo, shemeji! Kabla hujakanyaga shamba langu, jichambue."

Basi mzee mzima aliinama mbele ya shamba la mtu ambaye yeye mwenyewe alimfukuza kwa kiu, akachomoa mbegu moja baada ya nyingine na kuzitia mfukoni mwake, kwa kuwa hakuwa na pa kuzitupa. Misimu yote alimtafuta mharibifu ng'ambo ya mpaka, ilhali alikuwa akimvaa kila asubuhi. Waliosema hawakukosea: kikulacho ki nguoni mwako.